Saratani: maradhi tunayoyataja kwa kunong'ona

Katika mitaa yetu ya Mwambao yako maradhi ambayo watu hawapendi kuyataja kwa jina. Mtu akifa kwa moyo twasema moyo, na akifa kwa sukari twasema sukari. Lakini akifa kwa saratani, utasikia matangani wakiambiana, "Alikuwa na ule ugonjwa mbaya," na msemaji huteremsha sauti kana kwamba ugonjwa wenyewe umesimama nyuma ya mlango wasikiliza.

Mimi ni mmoja wa wenye ugonjwa huo mbaya. Ninao tangu mwaka 2019, na jina lake ni limfoma, yaani saratani ya tezi. Siandiki haya ili nionewe huruma. Naandika kwa kuwa tangu habari zangu zienee mtaani, mlango wangu haukosi mbishaji. Huyu ana uvimbe shingoni, yule mkewe ameona kitu kifuani, mwengine mamake amekatwa kinyama na majibu hayajatoka. Hawaji kutaka dawa kwangu, maana wajua mimi si tabibu. Waja kumwona mtu aliyeambiwa neno lile, na bado akaenda sokoni kununua samaki.

Kaa na jina lake

Mwanzo wa kuipunguza hofu ni kulijua jina. Saratani ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo kwao lina maana ya kaa, huyu huyu kaa wa mikokoni. Waganga wa Kiyunani wa zama za Hippocrates, kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), waliuita uvimbe huu kwa jina la kaa katika lugha yao, na waganga wa Kiislamu waliokuja baadaye wakaufasiri vivyo hivyo. Yasemwa sababu yake ni ile mishipa iliyotanda kandokando ya uvimbe mfano wa miguu ya kaa. Ibn Sina aliuzungumza katika kitabu chake cha Qanun, alichokimaliza yapata mwaka 1025. Na wale waliosoma falaki waijua buruji ya Saratani, ambayo ni huyo huyo kaa, ila yeye yuko mbinguni.

Nayataja haya kwa kuwa nimesikia mara nyingi barazani kwamba saratani ni maradhi mapya, yameletwa na vyakula vya mikebe. Sivyo. Ni maradhi ya kale. Yapo yanayoyachochea, kama sigara, na ile tumbaku itiwayo katika tambuu ambayo wazee wetu wengi hawaioni kuwa na neno. Lakini wako pia walioishi maisha safi wakapatwa, na kumuuliza mgonjwa "ulikula nini?" ni kumtwika mzigo juu ya mzigo.

Tezi na mtoki

Sisi watu wa Pwani tezi twazijua, hata kama hatukwenda skuli ya udaktari. Mtoto akijikata wayo kwa gamba la chaza, kesho yake hutokwa na mtoki kinenani, na mama huambiwa, "Tazama, ana kidonda." Mtoki ule ni tezi iliyofura. Tezi za namna hiyo ziko mwili mzima, na nyingi ni za shingo, za kwapa na za kinena. Ndani yake zimo chembe nyeupe za damu, na kazi yake ni kulinda mwili. Adui aingiapo, walinzi hukusanyika, tezi ikafura. Vita viishapo, hunywea.

Limfoma ni pale chembe mojawapo ya walinzi hao inapoharibika, ikawa yazaana bila ya kuamrishwa na haitaki kufa. Tezi hufura, lakini hapana kidonda. Aghalabu haiumi. Na hapo ndipo penye hatari, kwani sisi tumezoea kwenda kwa daktari pale panapouma.

Aina zake ni nyingi, kupita sitini, lakini kwa mtu wa kawaida yatosha kujua kwamba ziko za mbio na ziko za polepole. Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Zile za mbio, ambazo zaweza kumuua mtu kwa miezi, nyingi zake zaweza kung'olewa kabisa kwa dawa. Zile za polepole mara nyingi hazing'oki, lakini mtu huishi nazo miaka na miaka, akizituliza kila ziamkapo. Yangu ni ya polepole, inaitwa limfoma ya folikula.

Ilianza kwa kitu mfano wa kokwa ya tende, shingoni upande wa kushoto. Ilipotimu wiki ya tatu haijanywea, nilikwenda hospitali. Wakaitoa tezi nzima wakaipeleka kupimwa, nikapigwa picha za mwili mzima, nikatolewa na uboho katika mfupa wa nyonga. Daktari akanikalisha, akaniambia jina la maradhi, kisha akaniambia jambo ambalo jamaa zangu hawakuliamini hata kidogo. Alisema, "Kwa sasa hatukupi dawa yoyote. Tutangoja, tukitazama."

Nyumbani palikuwa na kishindo. Mmoja alisema daktari amekata tamaa nami. Mwengine akasema ataka nimpe kitu. Dada yangu mkubwa akataka tuuze kiwanja nipelekwe India. Lakini alivyosema daktari ndivyo ilivyo. Maradhi ya namna hii yakiwa hayamsumbui mtu, imeonekana kwamba kumpa dawa kali mapema hakumrefushii maisha kuliko kungoja. Nikakaa miaka miwili bila ya dawa, nikipimwa kila miezi mitatu. Si jambo jepesi. Mtu ameambiwa mna nyoka ndani ya makuti, kisha aambiwa alale.

Mwaka 2021 nyoka aliamka. Homa zilinijia jioni, jasho la usiku likawa la kukamua shuka, na kanzu zikanipwaya. Nikaanza dawa, mara moja kila siku 21, zamu sita. Ile ya kwanza, iitwayo rituximab, ilitiwa kwa matone siku nzima, na nilipigwa na kibaridi kama mtu wa malaria. Iko nyengine nyekundu kama sharubati, nayo hugeuza hata mkojo rangi. Nywele zilitoka, na ulimi ukasahau ladha ya pilau. Nilipomaliza, picha zikaonyesha tezi zimenywea.

Watu huniuliza, "Umepona?" Nami huwajibu, "Yamelala." Wengi huona jawabu hilo halikutimia. Lakini ndilo la kweli, na nimejifunza kuishi ndani yake. Kila mwaja wetu umefichwa, mwenye saratani na asiyekuwa nayo. Tofauti ni kuwa mimi nimekumbushwa.

Watoto waliowafunza madaktari

Wengi wa wanaokuja kwangu hudhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu, na dawa yake iko ng'ambo. Huwasimulia kisa cha jirani zetu wa Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyefura taya pande zote mbili. Haukupita muda akaona mwengine wa namna hiyo hiyo. Akaandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walitoka Kampala kwa gari kuukuu, wakasafiri maili elfu kumi hivi kuelekea kusini mwa Afrika na kurudi, wakiingia hospitali moja hadi nyengine na kuuliza kama uvimbe huo waonekana. Wakakuta wafuata nchi za joto na mvua, zile ambazo malaria haikatiki mwaka mzima. Ndiyo sababu hapa Kenya watoto wenye maradhi hayo hutoka zaidi kandokando ya Ziwa na huku kwetu Pwani kuliko nyanda za juu zenye baridi.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliopelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Limfoma hiyo, ambayo sasa yaitwa ya Burkitt, ni katika uvimbe uendao mbio kuliko wote, na juu ya hivyo mtoto akiwahishwa, dawa zaweza kumponya kabisa. Basi elimu hii haikushuka kutoka ng'ambo tu. Watoto wa Afrika Mashariki ndio walioifunza dunia, na wengi wao hawakuishi kuyaona matunda yake. Mzazi akiona taya la mwanawe lafura, au meno yalegea bila ya sababu, asiishie kwa mng'oa meno.

Wanaobisha mlangoni

Mtu ajapo kwangu na uvimbe, sishiki shingo yake. Humuuliza maswali manne. Una muda gani? Unakua au wanywea? Wapatwa na homa au jasho la usiku? Umepungua mwili bila ya kutaka? Kisha humwambia ukweli wa kwanza, kwamba uvimbe mwingi wa tezi si saratani. Na ukweli wa pili, kwamba ukipita wiki tatu au nne haujanywea, haupimwi kwa vidole wala kwa ndoto. Hukatwa kinyama kikatazamwa kwa darubini. Hapana njia nyengine ya kuujua.

Nasisitiza hilo la darubini kwa sababu ya kijana mmoja, dereva wa tuktuk. Alikuwa na mafundo shingoni, jasho la usiku na homa. Katika hospitali moja alianzishiwa dawa za kifua kikuu bila ya kukatwa kinyama, akazimeza miezi mitano huku mafundo yakizidi. Kifua kikuu cha tezi ni kingi nchini mwetu, na dalili zake na za limfoma ni kama mtu na pacha wake. Alipokuja nilikwenda naye kwengine, akapimwa. Ilikuwa limfoma ya Hodgkin, iliyopewa jina la daktari wa Kiingereza Thomas Hodgkin aliyeieleza mwaka 1832. Alipimwa na Ukimwi pia, kwa kuwa wenye virusi vyake hupatwa na limfoma kwa urahisi zaidi. Kipimo hicho si matusi. Alitibiwa miezi sita, akapona. Mwaka jana nilikula biriani ya harusi yake.

Yuko na mama mmoja aliyemjia mke wangu, si mimi. Alikuwa na kifundo katika titi kwa muda wa miezi minane, na hakumwambia hata mumewe. Alichelea mambo mawili: kuachwa, na kuvuliwa nguo mbele ya daktari mwanamume. Mke wangu hakumhubiri. Alimwambia ataandamana naye, na wataomba daktari wa kike, na kwamba dini yetu haikumkataza kutibiwa hata kama wa kike hapatikani, maana dharura ina hukumu yake. Kilikatwa, kikapimwa, kikaonekana si saratani. Alilia siku ya majibu mema kuliko alivyolia siku zote za hofu. Miezi minane aliishi na mauti ambayo hayakuwako.

Si kila kisa huishia kwa biriani. Mzee mmoja rafiki yangu, nahodha wa zamani, alikuja maradhi yakiwa yameenea. Madaktari walimweleza kwamba dawa zitamchosha zaidi kuliko zitakavyomfaa, naye akachagua kukaa kwake Lamu. Wanawe walinitaka nimshawishi aende tena hospitali. Nilikaa naye siku mbili, nikamsikiliza, nikarudi nikawaambia wanawe kwamba baba yao hakukata tamaa, ila amechagua. Tulichomtafutia ni mofini ya maji, ya kunywa, ili asiumie. Wako waliosema ni ulevi. Mashekhe niliowauliza walisema dawa itolewayo na tabibu kwa kuondoa maumivu si ulevi. Alifariki akijua watu, akiwaaga mmoja mmoja.

Adabu za kumzuru mgonjwa

Tangu chuoni tulifunzwa kwamba kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya ndugu yake. Lakini haki hiyo ina adabu zake, na wengi wetu twazikosea kwa wema wetu.

Usimwambie mgonjwa kisa cha fulani aliyekuwa na vivyo hivyo asimalize mwezi. Nilipokuwa katika dawa niliambiwa visa saba vya namna hiyo, na vyote na watu wanipendao. Usimtengee kikombe wala sahani, saratani haiambukizi. Bali wewe ukiwa na mafua, wewe ndiwe wa kutengwa. Dawa hizi huangusha chembe nyeupe za damu, na mafua yako madogo yaweza kuwa makubwa kwake. Na akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi katika siku za dawa, msimfunike blanketi mkangoja asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kumwambia "utapona tu" si kosa, lakini mara nyingi huwa ni kumfunga mdomo. Jirani aliyenifaa zaidi hakusema neno la maana. Alikuja kila baada ya Alasiri na uji wa mchele, akakaa, tukasikiliza redio. Mwengine alijua siku zangu za hospitali kuliko nizijuavyo mimi, akaleta gari alfajiri bila ya kuulizwa. Mgonjwa hufaidika na mtu wa kumvusha kivuko cha Likoni kuliko mtu wa kumpa nasaha.

Kombe, habasoda na hijama

Suali hili huulizwa kila mara, kwa hiyo nalijibu hapa. Mimi nimesomewa, na nimekunywa kombe, na sioni haya kusema. Moyo nao wataka dawa yake. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, na alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo amtegemee Mola. Atumiaye kombe akaacha hospitali amemwacha ngamia wazi.

Yako na mambo ya kuangaliwa. Maji ya kombe yachemshwe kwanza, maana tumbo la mtu aliye katika dawa halina walinzi. Hijama isifanywe katika siku hizo pasi na idhini ya daktari, kwa kuwa damu yaweza kukataa kuganda na majeraha yakaingia uchafu. Habasoda, mwarubaini na mizizi mingine, daktari aambiwe. Baadhi ya miti huongeza makali ya dawa au kuyapunguza. Daktari akikufokea, mvumilie, lakini usimfiche.

Mtihani mgumu kwangu ulikuwa Ramadhani. Nilikatazwa kufunga, na sheria yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Hata hivyo, kula mchana nyuma ya pazia, huku wajukuu wamefunga, kulinichoma kuliko sindano. Shekhe wangu aliniambia kuipokea ruhusa ya Mola nako ni utiifu. Nikalisha maskini kwa siku zile, nikatulia.

Ubeti nilioutunga siku hizo nilimpelekea kijana wa tuktuk kwa simu, na sasa nawaachia wasomaji:

Mja usione ari, kusema panapouma,
Uele kuusitiri, ni kuulea daima,
Enda kwa mwenye habari, akutazame mapema,
Kisha muombe Ghafari, ndiye mwenye kurehema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi ndugu msomaji, usiku huu kabla ya kulala, pitisha mkono shingoni, kwapani na kinenani. Nawe dada, kifuani. Ukikuta kitu, kihesabie siku. Zikipita wiki tatu hakijaondoka, nenda ukapimwe, na ukiogopa kwenda peke yako, tafuta mtu wa kuandamana naye. Wala usiseme una ule ugonjwa mbaya kabla hujaambiwa. Na ukiambiwa unao, utaje kwa jina lake, ili wenzako wajue la kukusaidia.